Bega la kitimoto linataka siku nzima

Niseme mapema ili anayesoma ajue nasimama wapi: kwenye nguruwe mzima hakuna nyama inayolifikia bega. Sio mbavu, sio paja, wala sio ile steki ya mgongoni ambayo watu wanawahi kuiagiza kabla haijaisha. Shida ni kwamba hapa Mwanza bega halipewi nafasi yake. Likifika bucha linapigwa panga, linachanganywa na mbavu na vipande vya paja na ngozi kidogo, unapimiwa kilo yako ya mchanganyiko, inaingia kwenye karai la mafuta dakika 20 au 30 hivi, limao, pilipili, ndizi za kukaanga, kachumbari, tunakula tunafurahi. Naipenda sana hiyo kitu na sina mpango wa kuiacha. Ila ukitafuna kwa utulivu utagundua kuna vipande vimelainika na kuna vingine unavutana navyo kwa meno, na hivyo vya kuvutana mara nyingi ndo bega lenyewe, manake limepewa moto mkali na muda mfupi wakati lenyewe linataka moto mdogo na siku nzima.

Kupata moto mdogo wa siku nzima, usiopanda wala kushuka, sio kazi ya jiko la kawaida. Ndo maana nimetengenezesha smoka ya mkaa, yaani jiko la kufunikwa linaloivisha nyama polepole kwa joto na moshi, iko nyuma ya nyumba sa hivi, na ndo maana naandika.

Kwanza tuelewane kuhusu bega lenyewe. Nguruwe uzito wake mwingi uko mbele, kichwa, shingo, kifua, halafu kutwa anafukua ardhi, kwa hiyo mabega hayana likizo. Msuli unaofanya kazi namna hiyo unajaa zile nyuzi nyeupe na utando unaoshikanisha nyama, na ndani yake kuna protini inaitwa kolajeni. Ukiichoma haraka haraka inajikunja na kukaza. Ukiipasha polepole, kuanzia kama nyuzi 70 hivi za selisiasi, inaanza kulegea na kugeuka jelatini, ile ile inayofanya supu ya kongoro igande ikipoa. Haigeuki kwa dakika, inataka masaa. Na kati ya msuli na msuli bega lina mafuta yamejipanga kama matabaka, nayo yanayeyuka humo humo ndani yanailowanisha nyama kutoka katikati. Steki haina hivyo vitu viwili, ukiiweka masaa 12 unatoa ubao.

Wenzetu wa kusini mwa Marekani wamejenga utamaduni mzima hapo. Ndani ya jimbo moja tu la North Carolina, watu wa upande wa magharibi kwenye mji wa Lexington wanapika mabega tu, wa mashariki wanapika nguruwe mzima, na ubishi wa nani yuko sahihi, pamoja na ubishi wa sosi, haujaisha mpaka leo. Mimi kwa bega niko na watu wa Lexington. Kwenye sosi nitawaacha, tutafika huko.

Sasa smoka. Kuna za kununua zimetengenezwa nje, nzuri kabisa, ila bei yake na kuisafirisha mpaka huku ni habari nyingine. Mimi nilienda kwa fundi wa kuchomelea pale Nyakato na pipa la chuma la lita 200. Jambo la kwanza alilouliza fundi ni, "Kaka, hili pipa lilibeba nini?" na nikamheshimu hapo hapo. Ni swali kubwa kuliko yote. Pipa liwe lilibeba mafuta ya kula au kitu kingine cha chakula, pipa la kemikali, dawa za mashamba au mafuta ya magari usiliguse hata kama umepewa bure. Na hata la mafuta ya kula linakuwaga na rangi ya ndani, kwa hiyo tuliwasha moto mkubwa wa kuni ndani yake, likawaka mpaka chuma kikabaki cheupe, tukasugua kwa brashi ya waya.

Kinachofuata sio kigumu. Chini kabisa kuna matundu matatu ya kuingizia hewa, mawili yana vifuniko vya kuziba kabisa na moja lina vali ya kuzungusha taratibu. Ndani kuna kapu la mkaa lenye miguu ili jivu lidondoke chini lisizibe hewa. Kutoka kitako cha kapu kwenda juu, kama sentimita 60 hivi, kuna wavu wa kuwekea nyama, na katikati nafasi ya kuweka karai. Mfuniko una bomba fupi la kutolea moshi. Basi. Kwa wavu nilisisitiza nondo za kawaida zilizosuguliwa, sio ule wavu wa kung'aa wa kufugia kuku wala kipande cha bati, manake vile vimepakwa zinki na zinki ikipata moto mkali inatoa mvuke mbaya kwa mtu. Fundi alikuwa anajua, wachomeleaji wote wanaijua ile homa ya kuchomelea bati bila barakoa.

Smoka ikiwa mpya usikimbilie kuweka nyama. Niliipaka mafuta ya pamba ndani yote, wavu, mfuniko, kila sehemu isipokuwa kapu, nikaiwasha na mkaa nikaiacha iwake tupu masaa kadhaa. Mafuta yanakauka yanakuwa ngozi nyeusi ngumu inayozuia kutu, na kwa unyevu wa huku ziwani kutu haichelewi. Na ule moto mtupu unakupa kitu kingine cha maana, unajifunza smoka yako inapumuaje kabla hujaweka pesa ya nyama juu yake.

Kupumua ndo kila kitu. Watu wengi wakisikia moto wanafikiria mkaa, mkaa kiasi gani, mkaa wa wapi, lakini joto la smoka haliamuliwi na wingi wa mkaa, linaamuliwa na hewa inayoingia chini. Mkaa unaweza kuwa kilo 6 kapuni na ukawaka ule wa juu tu kama ngumi moja, kwa sababu hewa uliyoruhusu inatosha hiyo ngumi moja basi. Ukifungua vali kidogo joto linapanda, ila haliandiki hapo hapo, unangoja dakika 10 au 15 ndo unaona. Tundu la juu la moshi lenyewe usilichezee, liache wazi muda wote, moshi utoke, uchezee chini tu. Na mfuniko ukishafungwa umefungwa, manake kila ukiufunua kuchungulia unaingiza hewa nyingi kwa mkupuo, mkaa unashangilia, halafu inakuchukua nusu saa kuurudisha ulipokuwa.

Namna ya kupanga mkaa kuna mbinu ya Mmarekani mmoja mshindani wa mambo haya, Jim Minion, na sasa inatumika dunia nzima kwa jina lake. Unajaza kapu mkaa usiowaka, unatengeneza kishimo katikati, halafu unamimina hapo mkaa kidogo uliokwisha kuwaka pembeni. Moto unakula kwenda nje polepole, masaa na masaa, bila wewe kuongeza kitu. Mkaa wetu wa gunia unafaa sana kwa hii, ila chagua vipande vikubwa vigumu vya mti mzito, na chenga zote zipepete uzitoe, zinajaza mianya na kuziba hewa. Chenga zipeleke kwenye jiko la maharage. Mkaa mbadala nao upo wa aina nyingi, ule wa vifuu na maranda hauna shida ila uulize vizuri, manake upo uliotengenezwa na makaa ya mawe, huo wa chakula cha kufunikiwa na moshi wake masaa 12 hapana.

Halafu moshi. Hapa nitakaa kidogo.

Mtu wa Mwanza haendi mbali kujifunza moshi. Sangara alipoletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 alikuta watu wanaanika furu na samaki wadogo juani, na sangara hakukubali, ana mafuta mengi mno, ukimwanika anaharibika kabla hajakauka. Kwa hiyo akabanikwa. Chanja zikajaa mialoni, kuni zikaliwa kwelikweli mpaka miti ya visiwani na pembezoni mwa ziwa ikaonja joto ya jiwe, na hilo nalo ni sehemu ya hii habari, sio la kupita kimya. Lakini ujuzi ulibaki. Mwalo wa Igombe nimemkuta mama mmoja mtu mzima na chanja zake, samaki wamepangwa rangi ya dhahabu, nikamsalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, tukaongea, nikamwambia mimi nataka kubanika nyama kutwa nzima. Hakunicheka. Aliniuliza moshi wangu una rangi gani. Nikasema bado sijawasha. Akanionyesha wa kwake, na kusema kweli ulikuwa hauonekani, unaona tu hewa inatetemeka juu ya chanja na kwa mbali rangi ya bluu bluu ukitazama kwenye kivuli. "Ukiwa mweupe mwanangu usiweke samaki," akasema, "atakuwa mchungu, subiri utulie."

Na ndivyo ilivyo. Moshi mweupe mzito ni kuni ambayo haijawaka, inafuka tu kwa kukosa hewa au kwa ubichi, na ule moshi unabeba vitu vinavyoganda juu ya nyama vyeusi vichungu, ulimi unapata ganzi. Kuni ikiwaka vizuri, kavu, yenye hewa, inatoa moshi mwembamba ambao unaweza kudhani haupo. Watu wanaona moshi mwingi wanadhani ndo kazi inafanyika. Na hii habari ya kulowanisha kuni kwenye maji kwanza ambayo utaisikia sana, achana nayo, mti mkavu haunyonyi maji kiasi cha maana kwa masaa mawili, unalowa nje tu, unachopata ni mvuke na kuchelewa.

Kuni yenyewe natumia mpera. Huku mipera iko kila ua, ikipogolewa matawi yanatupwa au yanaishia jikoni, mimi nayaomba, nayakata vipande vya ukubwa wa ngumi na kuyaacha yakauke muda mrefu. Vipande vinne au vitano vinatosha bega zima, unavichimbia ndani ya mkaa usiowaka huku na huku ili moto uvikute kimoja kimoja. Mchungwa na mlimao navyo vizuri. Mkaratusi hapana, una mafuta makali utakula dawa ya kifua. Paina hapana, utomvu. Mbao za chakavu za fundi seremala hapana kabisa, hujui zimepakwa dawa gani ya mchwa.

Nyama sasa. Bega unaliagiza jana yake, unamwambia muuzaji asilikate, na utamwambia mara mbili manake panga lake lina mazoea. "Bosi, nataka mkono mzima, sehemu ya juu, na mfupa wake, usipige panga." Ile sehemu ya juu karibu na shingo ndo yenye mafuta ya matabaka niliyosema, ya chini kuelekea kwato ni ngumu zaidi na ina ngozi nyingi. Bega la kilo 4 linatosha watu 8 wenye njaa, manake likiiva litakuwa limepoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake. Angalia mhuri wa mkaguzi. Nasema hili kwa uzito wote, nyama ya nguruwe isiyokaguliwa usiipeleke nyumbani kwako hata kwa nusu bei. Tegu wa nguruwe yupo nchini kwetu, na ukiona punje nyeupe nyeupe ndani ya nyama hiyo sio ya kununua. Ile homa ya nguruwe inayofyeka mazizi haimshiki binadamu, watu wanaichanganya, lakini haina tiba kwa nguruwe, ikizuka usafirishaji unafungwa na hapo ndo nyama za uchochoroni zinaanza kutembea. Bega linalopikwa mpaka nyuzi 90 ndani limeua minyoo yote, sawa, ila ukaguzi unabaki ukaguzi.

Nyumbani naondoa ngozi. Kwa moto mdogo ngozi haikauki ikawa ya kuvunjika, inakuwa kiatu, na inazuia chumvi na moshi. Nabakisha mafuta kama nusu sentimita. Chumvi napima, gramu 15 kwa kila kilo ya nyama, kwa hiyo bega la kilo 4 ni gramu 60, napaka usiku, naweka kwenye friji wazi bila kufunika mpaka alfajiri. Chumvi ndo pekee inayoingia ndani kweli. Hivyo vingine, pilipili manga ya kusaga kwa mkono, kitunguu swaumu kikavu, tangawizi, binzari nyembamba kidogo, sukari ya kahawia, vinakaa juu vinatengeneza gamba, kwa hiyo navipaka asubuhi tu kabla ya kuweka. Usiogope sukari, kwa joto la smoka haiungui.

Saa 11 alfajiri nawasha. Mkaa uliowaka unaingia kishimoni, naacha matundu wazi, joto likifika nyuzi 100 naanza kuziba, nataka litulie kati ya 110 na 125. Moshi mweupe wa mwanzo naungoja upite, inaweza kuwa dakika 40, naungoja. Karai lenye maji linakaa katikati chini ya nyama, kazi yake mbili, linatuliza joto na linakinga mafuta yasidondokee mkaani, manake mafuta yakidondokea moto yanarudi juu na moshi mchafu ambao wataalamu wa afya hawaupendi, na wako sahihi. Hapo hapo niseme, nyama za moshi sio za kila siku. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliziweka nyama zilizosindikwa, za moshi zikiwemo, kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2015. Hii ni chakula cha siku maalumu na watu wengi mezani. Na smoka haingii ndani wala barazani hata mvua ikinyesha, hewa ya mkaa inaua bila harufu.

Saa 12 nyama iko juu na mfuniko umefungwa.

Kipimajoto chenye waya ni lazima, kimoja cha joto la smoka karibu na nyama, kingine kimechomwa katikati ya bega bila kugusa mfupa. Kabla ya kukiamini kijaribu, na hapa watu wa kanda ya ziwa tusikilizane. Ukikitia kwenye maji ya barafu kisome 0. Ukikitia kwenye maji yanayochemka, hapa Mwanza kitasoma kama 96, sio 100. Kipimajoto hakijafa! Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji yanachemka mapema. Hili lina maana kwa bega pia. Mapishi ya Marekani yanasema toa nyama ikifika 95 ndani, wengi wao wako chini karibu na bahari, kwao kuna nafasi kubwa kati ya 95 na kuchemka. Kwetu 95 ni pembeni kabisa ya kuchemka, nyama inatoa maji kwa nguvu. Mimi naanza kuipima kwa mkono kuanzia 91, nachoma kijiti chembamba, kikiingia pande zote bila kizuizi imeiva, na mara nyingi ni kwenye 92 au 93. Namba ya mtu wa Florida sio amri.

Masaa manne ya kwanza ni raha. Joto la ndani linapanda vizuri, 30, 45, 60, harufu inaanza kushuka mlimani, na rangi ya bega inatoka waridi inaenda kwenye hudhurungi. Ni kwenye hiki kipindi cha ubaridi wa mwanzo ndo ule mduara mwekundu chini ya gamba unatengenezwa, gesi za moto zinashikana na rangi ya asili ya nyama na kuifunga isibadilike. Unapendeza sana, hauna ladha yoyote, ukikosekana usilie.

Halafu kwenye nyuzi 68 hivi, 70, joto linagoma. Saa nzima 70. Saa ya pili 70, linaweza hata kushuka 69, na smoka yako iko 118 imetulia kabisa. Hapa ndo bega nyingi zinaharibiwa, mtu anadhani mkaa umekwisha, anafungua matundu yote, anaongeza mkaa, smoka inaruka 170, gamba linaungua. Kumbe hakuna kilichoharibika. Nyama inatoka jasho. Maji yanapanda juu ya nyama yanageuka mvuke, na kugeuka mvuke kunakula joto lote unaloliingiza, mizani imelingana. Zamani watu walisema ni kolajeni inayeyuka au ni mafuta, mpaka mwanafizikia mmoja wa Marekani, Greg Blonder, akafanya kitu kizuri mno, akaweka kwenye oveni sponji iliyolowa maji na pembeni bonge la mafuta matupu. Mafuta yalipanda bila kusimama. Sponji ikakwama, vile vile kama nyama. Kwa hiyo ni maji, hakuna zaidi.

Ukishajua hivyo unakaa kwa amani. Una njia mbili. Unaweza kulifunga bega kwa foili, mvuke ukakosa pa kwenda, joto likapanda haraka na ukaokoa masaa mawili au matatu, ila gamba linalainika. Au unaliacha lipambane lenyewe mpaka lichoke kutoa jasho. Mimi naliacha. Gamba ndo nusu ya utamu na siku nimeshaitoa, sioni kwa nini niharakishe kwenye mlango wa kutokea. Nakubali kufunga kama wageni wanakuja saa 12 jioni na saa 9 bado iko 70, heshima ya mgeni kwanza.

Kitu kingine cha mchana ni upepo. Asubuhi hapa hewa inashuka kutoka milimani kwenda ziwani, ikifika saa 7, 8 mchana nchi kavu imepata moto kuliko maji na upepo unageuka, unatoka ziwani kuja juu. Ukigeuka unaingia kwenye vali na joto linapanda nyuzi 10 hujagusa kitu. Nashukuru Mwanza ni ya mawe, smoka yangu nimeiweka nyuma ya jiwe kubwa upande ule ule, linakinga. Na upepo huo huo ndo uliamua smoka ikae wapi kwa sababu nyingine pia. Majirani zangu wa upande mmoja ni familia ya Kiislamu, tumekaa vizuri miaka yote, na moshi wa kitimoto kuingia dirishani kwa mtu siku nzima sio jambo dogo. Nilienda kwa mzee kabla, nikamweleza siku na saa na upande moshi utakapoelekea, akashukuru kuambiwa, tukachagua kona pamoja. Visu, ubao, wavu, karai, vya kazi hii ni vya kazi hii tu, havichanganyiki na vya jikoni, manake watoto wao wanakula kwetu na wanapaswa kula bila wasiwasi. Kwa kweli mtu akifunga smoka mtaani hili alifanye kabla ya kununua mkaa.

Baada ya 75 inaanza kutembea tena, taratibu. Kilo 4 inaweza kuchukua masaa 12, inaweza 14, mabega mawili ya uzito mmoja hayaivi pamoja, usimpe mgeni saa kamili. Likiiva mfupa wenyewe unakuambia, ule bapa, ukiushika kwa kitambaa unachomoka mkavu mweupe, hauna hata unyuzi wa nyama.

Usilichambue hapo hapo. Lifunge kwa foili, lizungushie taulo za zamani, liweke ndani ya boksi la barafu, haya tunayobebea sato, bila barafu bila shaka, funga. Saa moja ni kidogo, mbili ndo vizuri, linakaa na moto wake na ile juisi iliyokuwa inakimbia inatulia na kuwa nzito. Ukifungua, vidole vinatosha. Chambua nyuzi nene nene, usisage, toa mabonge ya mafuta yaliyobaki, halafu changanya gamba jeusi na nyama ya ndani sawa sawa ili kila mtu apate vyote, na umiminie juisi ya kwenye foili.

Sosi, hapa ndo nawaacha Lexington. Wao wanatia tomato kidogo kwenye siki, wa mashariki ni siki na pilipili tu. Kwa hili wa mashariki ndo wamepatia, kwa sababu nyama hii ina mafuta na inataka ukali, haitaki utamu juu ya utamu. Mimi nachukua nusu siki nusu maji ya limao, chumvi, pilipili mbuzi moja iliyopondwa, pilipili manga, kijiko kidogo cha sukari, natikisa kwenye chupa. Inapitishwa mezani kila mtu amiminie mwenyewe. Pembeni ugali, wa mahindi au wa udaga kwa anayeujua, mchicha, kachumbari ya kabichi badala ya nyanya. Mkate unaweza, ila kwa ugali unakula kwa mkono na juisi yote inashikwa.

Itabaki. Gawa vifungu vya nusu kilo pamoja na juisi kidogo, friza, siku ukitaka unapasha kwa mvuke kwenye sufuria iliyofunikwa, sio kwa kukaanga. Ule mfupa bapa weka kwenye maharage yanapoanza kuchemka, na utie chumvi mwishoni kabisa baada ya kuonja, manake mfupa una ya kwake.